Kutoka Pale Tulipozoea: Somo kwa Wanaokwenda Vyuoni

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, stendi ya Bunda hujaa vijana wenye mabegi na magodoro. Basi la kutoka Musoma likisimama, wazazi hurudia maneno yale yale: soma kwa bidii, sali, usisahau nyumbani. Yote ni mema. Lakini lipo jambo ambalo hatuwaambii vya kutosha: mtu anaweza kufika chuoni bila kuondoka nyumbani. Anafika Dodoma au Dar es Salaam, anawatafuta wenzake wa Mara, anapanga nao chumba, anakaa nao viti vya nyuma, na miaka mitatu inakwisha hajamwuliza mhadhiri swali hata moja. Hakudisko, wala hakupata sapu. Ila hofu aliyoondoka nayo ndiyo anayorudi nayo.

Hatusemi haya kwa kuwanyoshea kidole. Sisi tuliopitia seminari ndogo tangu kidato cha kwanza tumezoea kengele ituamshe na kengele itulaze. Tukitumwa parokiani mara ya kwanza, hatujui hata tuanzeje mazungumzo na mama anayeuza dagaa sokoni. Tunajificha nyuma ya vitabu, na watu wanadhani ni unyenyekevu.

Tumtazame jirani yetu, Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki na Mama Mugaya. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipelekwa shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma. Ni umbali wa kilometa zipatazo 40. Leo ni safari fupi ya gari, lakini kwa mtoto yule ilikuwa nchi nyingine: lugha aliyokulia ni Kizanaki, na Kiswahili alianza kujifunza shuleni. Tukumbuke hilo. Bingwa yule wa Kiswahili, aliyetafsiri tamthilia za Shakespeare na kuandika Injili kwa tenzi, aliwahi kuwa mtoto asiyejua Kiswahili. Bila shaka alikosea maneno kwanza, kama anavyokosea kila anayejifunza lugha.

Mwaka 1937 akaenda Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere kusomea ualimu. Hapa ndipo tunapopenda kukaa kidogo. Huko aliandika insha kuhusu hali ya wanawake, akizipima desturi za Wazanaki wenzake kwa hoja za Mwingereza John Stuart Mill. Mtoto wa mtemi aliyekuwa na wake wengi, anauliza kama desturi ya kwao inamtendea haki mama yake! Kuchukua wazo la ugenini na kulileta mpaka jikoni kwenu ni kazi ngumu kuliko kupanda basi. Na bado hakuwadharau Wazanaki.

Jambo la pili ni ubatizo. Alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, tarehe 23 Desemba 1943, mwishoni mwa mwaka ule ule alioingia Makerere. Vijana wangapi huacha Misa katika mwaka wao wa kwanza chuoni, kwa sababu hakuna tena wa kuwaamsha Jumapili? Yeye mwaka huo ndio aliojiwekea imani kwa uamuzi wake mwenyewe, akiwa mtu mzima wa miaka 21. Imani ya kurithi ni zawadi kubwa, hatuibezi. Ila chuoni ndipo kijana anapoulizwa kama ni yake.

Baada ya Makerere alifundisha Tabora, akasoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, kisha akafundisha Pugu. Mwaka 1955, akiwa na familia ya kulisha, akaacha mshahara wa ualimu ili aitumikie TANU. Hatudhani mtu huamka siku moja na ujasiri wa namna hiyo. Mwisenge ilikuwamo ndani yake.

Tahadhari lakini. Si kila kinachotutoa katika mazoea kinatoka kwa Mungu. Kumaliza bumu baa kwa wiki mbili nako ni kutoka katika mazoea! Maandiko yanatusaidia kupambanua. Abrahamu, mzee wa miaka 75, aliacha nchi ya baba yake kwa sababu aliitwa. Petro alirudi kilindini baada ya usiku mtupu kwa sababu Bwana alimwambia, ingawa ujuzi wake wa uvuvi ulimwambia vingine. Wavuvi wetu wa Musoma wanalielewa hili upesi kuliko wanateolojia: dagaa hufuatwa ziwani usiku wa giza, kwa taa, si usiku wa mbalamwezi wakati kila kitu kinaonekana vizuri. Lakini mvuvi hatoki bila taa.

Basi tujadili katika jumuiya zetu ndogondogo, wazazi na vijana pamoja. Je, mtoto wetu akirudi likizo na swali gumu kuhusu desturi za nyumbani, tutamsikiliza au tutamwambia amesoma sana? Na wewe unayeondoka wiki ijayo: katika darasa lile la watu mia mbili, ni nani usiyemfahamu utakayekaa karibu naye siku ya kwanza, na utamsalimuje?