Kabla ya Kusoma Jiografia ya Kanda: Anza na Bukoba na Musoma

Wanafunzi wanaomaliza kidato cha sita huniuliza wajiandaeje kwa kozi ya jiografia ya kanda chuoni. Nimekusanya hapa maswali yanayojirudia, nami nayajibu kama ninavyowajibu ana kwa ana.

Swali: Mwalimu, nikariri miji mikuu, mito na milima yote kabla sijafika?

Jibu: Majina yamo kwenye atlasi, usijichoshe nayo. Ifungue, weka kidole Bukoba, kisha Musoma. Miji yote miwili iko kando ya Ziwa Victoria, kusini kidogo mwa ikweta, karibu latitudo moja. Hata hivyo Bukoba inalowa kwa mvua na kujaa migomba, ilhali Musoma ni kavu zaidi. Kwa nini? Mwanafunzi anayekosa usingizi kwa swali kama hilo ameshaanza kozi.

Swali: Ni lazima nijue mambo ya hali ya hewa?

Jibu: Misingi yake, ndiyo. Pepo zinazovuma kutoka mashariki huvuka ziwa, huchota mvuke, kisha huumwaga ufuko wa magharibi, na huko ndiko iliko Bukoba. Fahamu pia kwamba joto hupungua takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana wakazi wake hawapati fukuto la Dar es Salaam ingawa wako jirani na ikweta.

Swali: Na hesabu? Hapo ndipo ninapoogopa.

Jibu: Uwiano, wastani na asilimia vinatosha kuanzia. Kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Kontua zikibanana, mteremko ni mkali. Zikiachana, ardhi ni tambarare. Fanya mazoezi mpaka uione milima kwenye karatasi. Jifunze pia kuchora grafu ya mvua na joto.

Swali: Historia inaingiaje?

Jibu: Mvua haiwezi kukueleza kwa nini reli ya TAZARA inatoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860. Lazima ujue kwamba Zambia haina bahari, kwamba shaba yake ilitegemea njia za kusini kupitia Rhodesia, na kwamba mwaka 1965 walowezi wa huko walijitangazia uhuru. Reli ikajengwa kuanzia 1970 kwa msaada wa China. Milima ilikuwa ile ile; siasa ndiyo iliyogeuza njia ya mizigo.

Swali: Nimebakiwa na wiki chache. Nifanye nini?

Jibu: Kwanza soma mwongozo wa chuo chako, uone kama kuna kozi ya utangulizi inayotangulia hii. Kisha chora kwa mkono ramani ya kata yenu. Onyesha maji yanakotoka, soko lilipo, na kinacholimwa kila msimu wa mvua. Waulize wazee kwa nini watu walijenga hapo na si ng'ambo ya mto. Andika majibu yao. Nitakapotaja bonde la Ganges au milima ya Andes, utakuwa na mahali unapopajua vyema pa kulinganisha napo.