Somo la Afya: Mzio wa Nyama na Vyakula vya Pakiti
Kuumwa na kupe huweza kumletea mtu mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe. Kuwashwa, vipele au kutapika huanza saa 2 hadi 6 baada ya mlo, hivyo chanzo hakitambuliki kwa urahisi.

Mwenye mzio huu asome orodha ya viambato kabla ya kununua. Ajihadhari na jelatini katika peremende laini, mafuta ya wanyama katika biskuti, na nyama katika viungo vya mchuzi. Nembo ya halali haitoshi: jelatini ya ng'ombe yaweza kuwa halali na bado ikamdhuru. Wengine hudhurika hata kwa maziwa. Kuku na samaki hawaleti mzio huu.

Anayebanwa pumzi awahishwe kituo cha afya mara moja.