Wenye Sharubu Wote Si Kambale

Mbali na maziwa, samaki yeyote mwenye sharubu na asiye na magamba huuzwa kwa jina la kambale. Wavuvi hawababaishwi na hilo, nawe huna haja ya kubabaishwa. Jamaa hii ina zaidi ya spishi 3,000 duniani, na mito na maziwa yetu yamejaliwa nyingi. Ukitaka kuwatofautisha, achana na sharubu, tazama mgongo.

Kambale halisi, ambaye pande za Ziwa Victoria wengi humwita mumi, ana pezi moja refu la mgongoni. Linaanzia karibu na kisogo, linaishia karibu na mkia, na lote ni laini, halina mwiba. Juu ya matamvua ana kiungo chenye vitawi kinachomwezesha kuvuta hewa. Ndiyo maana utamkuta angali hai kwenye beseni la mchuuzi, na usiku wa mvua huweza kutambaa nyasini akihama dimbwi.

Kwa uvumilivu huo wafugaji humpenda, ila wengi huanza vibaya. Kwa kawaida kambale hazaani ovyo bwawani kama perege. Kwenye vituo vya kutotolesha, jike huchomwa sindano ya homoni kisha hukamuliwa mayai, na dume mara nyingi huchinjwa ili mbegu zipatikane. Kwa hiyo nunua vifaranga kituoni, na ukatae kundi lisilolingana: wakubwa watawala wadogo. Hata waliolingana hupishana baada ya wiki chache, hivyo endelea kuwachambua.

Gogogo ni habari nyingine. Ana pezi fupi la mgongoni lenye mwiba mkali mbele, na mwiba mmoja kila ubavu nyuma ya kichwa. Akishikwa huisimamisha yote mitatu na kuifunga isirudi, huku akikoroma. Wavu wenye gogogo usiukung'ute kwa pupa. (Kambale naye ana miiba ya ubavuni, basi usimdharau.) Ukichomwa, osha jeraha, kisha litumbukize kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Pima joto kwa mkono usioumia, kwa kuwa uliochomwa unaweza kuwa umekufa ganzi. Kipande cha mwiba kikibaki ndani, au mkono ukizidi kuvimba, nenda hospitali na uulizie chanjo ya pepopunda.

Katika Ziwa Nyasa yupo kampango. Nyuma ya pezi la mgongoni ana kipezi kirefu cha nyama, na mkia wake umegawanyika panda. Huyu ni mlezi wa ajabu. Wazazi wote wawili hulinda kiota, na jike hutaga mayai yasiyorutubishwa ili watoto wayale. Ukiwavua wazazi kiotoni, makinda hubaki bila mlinzi wala chakula. Kwa maoni yangu, kuacha maeneo ya mazalia yapumzike kungefaa kuliko faini nyingi.

Ziwa Tanganyika lina gogogo mwenye madoa anayefanya kinyume kabisa. Huchanganya mayai yake na ya samaki wanaoatamia mdomoni, mama huyabeba yote, na vifaranga vya gogogo hutangulia kuanguliwa na kuwala wenyeji wao humo humo mdomoni. Mtafiti Tetsu Sato alilieleza jambo hili mwaka 1986.

Ziwani humo yupo pia kambale wa umeme, mnene kama soseji na asiye na pezi la mgongoni isipokuwa kipezi cha nyama karibu na mkia. Wakubwa wa jamii yake huweza kutoa volti zipatazo 350. Akinasa, usimguse kwa mikono yenye maji.

Minofu, kwa bahati mbaya, haina mgongo wa kutazamwa. Muuzaji amwambie mteja wazi ni samaki gani, maana Wasabato, kwa mfano, hawali samaki asiye na magamba.