SOMO LA KAZI: KUPIGA LIPU UPYA BWAWA LA KUOGELEA



Somo letu la safari hii huenda likawashangaza wengine. Bwawa la kuogelea la nyumbani ni mali ya mwenye nacho, na wengi wetu hatujawahi kutia hata mguu ndani yake. Lakini likichakaa, anayelitengeneza ni nani? Katika mashamba ya chai na ya miwa, nyumba za wakubwa na klabu zao huwa na mabwawa, na gengi ya matengenezo ya shamba ndiyo huitwa. Mjini, mfanyakazi wa kiwanda aliyepunguzwa kazini huchukuliwa kibarua na kontrakta kwa siku tano au sita, akapewa nyundo na tindo, akaambiwa ashuke. Anashuka bila kujua anashukia nini.

Tuchukue mfano wa nchi ya Uganda, upande wa Ziwa Viktoria, kuanzia Entebbe mpaka Kampala, ambako nyumba nyingi zenye mabwawa zimejengwa karibu na maji ya ziwa. Tuseme bwawa letu lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina cha wastani cha mita 1 na nusu. Likijaa lina maji mita za ujazo 48, yaani tani 48. Shikeni hesabu hiyo, maana tutairudia.

LIPU HULIWA NA NINI

Lipu ya bwawa si sawa na lipu ya ukuta wa nyumba. Ni saruji nyeupe iliyochanganywa na unga na chenga za marumaru, ikapakwa juu ya zege kwa unene wa milimita 10 hadi 12 tu. Ikitunzwa vizuri huweza kukaa miaka 10 au zaidi. Ikitupwa mkono, huharibika mapema sana.

Adui yake ni maji yenyewe. Maji ya Ziwa Viktoria na maji ya mvua yana chokaa kidogo. Mama anayefua nguo analijua jambo hili, kwa maana sabuni hutoa povu upesi ndani yake. Maji ya namna hiyo yakitiwa bwawani hutafuta chokaa, na mahali pa kuipata ni katika lipu. Huinyonya kidogo kidogo. Tena katika nchi zetu za joto jua hula klorini haraka, kwa hiyo mwenye nyumba huongeza vidonge vya klorini kila mara, na vidonge vinavyotumiwa na wengi vina ukali wa asidi. Hivyo kazi ya kuila lipu huenda mbio zaidi. Mwishoni lipu huwa kama msasa, nyayo za watoto zinachubuka, zege la chini linaanza kuonekana, na mabaka ya kutu yanajitokeza mahali ambapo nondo zimekaribia maji.

Sasa jambo la kwanza, na wengi hupoteza hapa: usitaje bei kabla ya kugonga. Chukua nyundo ndogo, ugonge ukuta na sakafu kila mahali. Lipu iliyoshika hutoa mlio mkavu. Iliyoachana na zege hutoa mlio wa debe tupu. Kama ni mabaka machache, yabanduliwe hayo tu, na sehemu iliyobaki ikwaruzwe ili lipu mpya ishike. Kama mlio wa debe uko kila upande, lipu yote itoke. Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Kwa bwawa letu, sakafu ni mita za mraba 32 na kuta ni 36, jumla 68. Lipu yake yote ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Ukiipandisha kwa karai la kilo 20 utapanda na kushuka mara themanini na zaidi. Gengi nyingi hupatana bei bwawa likiwa bado limejaa maji, mkono mfukoni, kwa kutazama tu. Patana kwa mita ya mraba ya lipu inayobanduliwa, ndipo kila karai litahesabiwa.

KUTOA MAJI

Mtu asiyejua hudhani kutoa maji ni kazi ya kuwasha pampu na kukaa kivulini. Kumbe hapa ndipo bwawa zima huweza kuharibika kwa usiku mmoja.

Karibu na ziwa, maji ya ardhini yako juu. Tuseme yamepanda mita 1 juu ya usawa wa chini ya sakafu ya bwawa. Maji hayo yanalisukuma bwawa kwenda juu kwa nguvu ya tani 32. Bwawa likiwa limejaa, hakuna neno, kwa sababu tani 48 zinalilalia. Likiwa tupu limebaki na uzito wa zege lake peke yake. Ukuta na sakafu zenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 10 hivi, karibu tani 25. Tani 25 haziwezi kushindana na 32. Bwawa tupu linakuwa mtumbwi.

Mwaka 2020, baada ya mvua nyingi, Ziwa Viktoria lilipanda sana likaingia katika majumba na mahoteli ya ufukweni. Baada ya hapo nilikuwa katika gengi iliyoajiriwa kwenye nyumba moja si mbali na ziwa. Tulimwambia kontrakta kwamba shimo la takataka lililochimbwa uani lina maji chini. Akasema tusimfundishe kazi. Tulitoa maji jioni. Asubuhi tulikuta upande wa kina kirefu umeinuka kiasi cha shibiri, vigae vimepasuka, bomba limekatika. Kontrakta alitaka gharama ikatwe katika ujira wetu, ati sisi ndio tulioendesha pampu. Hatukuwa na karatasi hata moja iliyoonyesha nani alitoa amri. Tulibishana siku tatu, na tukaondoka na nusu ya ujira.

Basi fanyeni hivi. Chimbeni shimo kando ya bwawa, lishuke kupita sakafu yake, mtazame kama maji yanaingia. Yakiingia, kazi ingoje kiangazi, ama maji yavutwe kwa pampu kutoka shimo hilo muda wote bwawa likiwa tupu. Mabwawa mengi yana vali chini ya sakafu ya kuruhusu maji ya ardhini yaingie yasilisukume bwawa. Muulizeni mwenye nyumba kama ipo na kama bado inafunguka. Amri ya kutoa maji iandikwe na kutiwa sahihi na anayeitoa.

Kabla ya mtu kushuka, swichi kuu ya taa za majini na ya pampu izimwe, fyuzi zitolewe, na zikae mfukoni mwa mmoja wenu mpaka kazi iishe. Pampu ya petroli ikae juu, mbali na ukingo. Moshi wake ukishuka bwawani huua, na gesi ya sumu iliyomo haina harufu ya kumwonya mtu.

VUMBI NA ASIDI

Zege lina mchanga, na mchanga una silika. Ukilipasua au kulikwaruza likiwa kavu, vumbi laini hupanda, lile usiloliona, na hilo ndilo hufika ndani ya mapafu. Ugonjwa wake huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Uingereza ilikwisha kataza tangu mwaka 1949 kusafisha vyuma vya kusubu kwa kupulizia mchanga, kwa sababu ya ugonjwa huohuo. Leso mdomoni haisaidii. Inayosaidia ni kulowesha: mmoja anapiga, mwingine anamwagia maji mahali pa tindo. Pamoja na hayo, ivaliwe barakoa ya kuchujia vumbi inayobana uso vizuri, na miwani. Mtu wa maji naye alipwe kama wengine. Nyapara hupenda kumwondoa akisema hafanyi kitu.

Baada ya kubandua, wengine husafisha zege kwa asidi ya hidrokloriki. Kumbukeni: asidi humiminwa katika maji, kamwe si maji katika asidi. Zaidi ya yote, asidi isikutane na klorini, hata mabaki yaliyo ndani ya ndoo, maana hutoa gesi ya sumu iliyo nzito kuliko hewa. Uwanjani ingetawanyika. Bwawani inakaa chini, mlipo ninyi, na kina hicho kinatosha kabisa kumzidi mtu aliyeinama. Kazi ya asidi ifanywe na watu wawili, mmoja akiwa juu, wakiwa na buti na glavu za mpira. Maji ya kuoshea yatulizwe kwa magadi soda kabla ya kumwagwa.

Msimamizi akisema vifaa hivyo mjinunulie, mwambieni Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mkataba huohuo unamlinda mfanyakazi aliyeondoka mahali alipoona, kwa sababu ya haki, kwamba hatari kubwa iko mbele ya uhai wake. Mwaka 2022 shirika hilo liliingiza usalama wa kazini katika haki za msingi ambazo nchi zote wanachama hupaswa kuziheshimu. Na Uganda yenyewe ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006.

KUPAKA

Kupaka kwenyewe ni kazi ya siku moja, na haikatwi katikati. Lipu ya jana na ya leo haziungani vizuri, mstari hubaki. Tani moja na nusu na ushee ichanganywe, ishushwe, ipakwe na kulainishwa kwa mwiko kabla jua halijaikausha. Kontrakta akileta watu watatu, mkataeni mapema. Anzeni saa kumi na mbili alfajiri, tandikeni turubai la kivuli, lowesheni zege mpaka lishibe lakini pasiwe na maji yaliyotuama. Fundi asinyunyize maji juu ya lipu ili mwiko uteleze, kwa sababu ngozi ya juu inakuwa dhaifu na kubanduka mapema.

Lipu ikishashika, maji yaanze kutiwa bila kukawia, maana katika joto letu haipasi kuachwa kavu hata siku mbili. Mdomo wa mpira uzungushiwe kitambaa, uwekwe pale penye kina kirefu, na maji yasisimame mpaka bwawa lijae. Yakisimama nusu, duara itabaki ukutani.

Bado kazi haijaisha. Kwa siku 14 lipu mpya hutoa vumbi la chokaa, nalo lisipopigwa brashi mara mbili kila siku hugandamana. Kipimo cha pH hupanda, kirudishwe kidogo kidogo kwenye 7.2 hadi 7.6. Siku hizi 14 ndizo tajiri husema ni kupitia tu na kuangalia. Ziandikwe katika mapatano pamoja na ujira wake na nauli, la sivyo brashi ipigwe na mwenye bwawa.