Motokaa Iliyozama Majini: Kwa Nini Huwaka Kisha Huzima

Katika mwezi wa Aprili, mwaka 2024, mto Rufiji ulifurika ukafunika mashamba na nyumba nyingi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Juu ya mpunga na mahindi yaliyopotea yamekwisha kusemwa mengi. Mimi napenda kueleza habari ya motokaa zilizolala majini, kwa kuwa huku kwetu Chumbi pikapu moja hubeba mpunga, wagonjwa na maharusi, nayo ikilala watu wengi huona taabu.

Mfano wangu ni pikapu ya petroli ya baba mdogo. Maji yaliikuta Muhoro yakapanda mpaka kwenye viti. Wakati wa likizo ya Juni ilivutwa mpaka nyumbani, nami nikapata nafasi ya kushika spana na kuuliza maswali.

Kwanza yafaa kujua kwamba gari lililotoka majini halipigwi stata upesi. Katika fizikia tumesoma kwamba hewa hubanika, lakini maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikakuta maji ndani ya silinda haina pa kwenda, na mkono wake hupinda au huvunjika. Hapo injini imekufa kweli. Kwa hiyo hapana budi kutoa plagi zote, kisha kuizungusha injini: maji huruka kwa matundu ya plagi. Halafu chomoa kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji, imwagwe yote. Chujio la hewa nalo litolewe, maana karatasi yake ikilowa injini haivuti pumzi.

Hayo yote yalifanywa sawasawa. Injini ikawaka, watoto wakapiga makofi, na baada ya nusu dakika hivi ikazima. Ikawashwa tena, ikazima tena. Fundi mmoja akasema pampu ya petroli imekufa. Pampu mpya ikanunuliwa kwa bei ya karibu magunia mawili ya mpunga, katika mwaka ambao mpunga wenyewe haukuvunwa. Gari likawaka, likazima vilevile.

Ndipo akaitwa fundi mwingine, mzee. Huyu hakugusa spana. Aliuliza tu, “Linazima baada ya muda gani?” Nililiona swali hilo la ajabu, lakini ndilo lenye elimu yote. Injini iliyowaka imekwisha kutujibu mengi: stata inazunguka, cheche ipo, petroli kidogo imefika. Kinachotafutwa ni kitu kinachokwisha au kinachobadilika baada ya hapo, na saa ndiyo inayoonyesha pa kukitafuta.

Likizima baada ya sekunde moja au mbili tu, tazama taa ndogo ya ufunguo kwenye dashibodi. Magari mengi ya siku hizi yana ufunguo wenye kifaa ndani. Kompyuta ya gari isipoutambua hukata petroli, nawe waweza kubadili pampu kumi bure. Ukikanyaga mafuta likaendelea, ukiachia likazima, aghalabu tope limeziba kijia cha hewa cha silensa. Likiwa na nguvu mwanzo, kisha likalegea kama mtu aliyezibwa pua, huenda bomba la moshi limejaa matope. Weka mkono karibu na mdomo wa bomba, usiuguse, usikie kama moshi unatoka.

La kwetu lilizima baada ya nusu dakika. Mzee akaomba chupa ya kioo. Tukiwa uwanjani, mbali na jiko na sigara, alifungua bomba la petroli akajaza chupa, akaiweka kivulini. Baada ya dakika chache tukaona mstari katikati: juu petroli, chini maji, kina cha vidole vitatu. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama gramu 750, na lita ya maji gramu 1000. Basi maji hukaa chini, na pampu nayo hufyonza chini. Petroli kidogo iliyo safi huwasha injini, kisha maji hufika kwenye nozeli na moto hufa. Tangi likashushwa, likamwagwa na kukaushwa, filta ikabadilishwa.

Laiti habari ingekwisha hapo! Pikapu ilikwenda mpaka karibu na Daraja la Mkapa, ikazima ikiwa na moto, ikakataa kuwaka mpaka ilipopoa. Muda ni mwingine, basi na ugonjwa ni mwingine. Mzee alitoa waya wa betri upande wa hasi, akafungua soketi za waya moja moja. Katika soketi ya sensa inayopima mzunguko wa injini mlikuwa na kutu ya kijani, nayo ni shaba iliyoliwa. Injini ikipata moto, chuma hutanuka, na pini iliyoliwa huacha kugusana na mwenzake. Alisugua kwa mswaki, akakausha juani, akafunga. Alituambia kwamba magari yaliyoingia maji ya chumvi huko delta huliwa upesi zaidi, nayo huoshwa kwanza kwa maji baridi, kila soketi.

Mafuta ya breki yalibadilishwa pia, kwa kuwa yakinywa maji huchemka mapema na breki huzama mguuni.

Pampu ya zamani ilirudishwa ndani ya tangi, na mpaka leo inafanya kazi. Ile mpya imo katika boksi lake chini ya kitanda cha baba mdogo. Mwenye duka hakukubali kuipokea.