Joto la Ziada katika Mashine ya Kupoza Hewa

Mafundi wengine wakitaka kujua kama mashine ya kupoza hewa ina gesi ya kutosha hutazama geji tu, kisha huongeza kwa kukisia. Fizikia tuliyosoma darasani yaonyesha kuwa geji peke yake haitoshi.

Maji huchemka kwa nyuzi 100 pwani, lakini juu ya Kilimanjaro huchemka kabla ya kufika hapo, kwa kuwa mkandamizo wa hewa ni mdogo. Gesi ya mashine nayo ni vivyo hivyo. R-410A, geji ikisoma paundi 120, huchemka kwa nyuzi 5 hivi. Lakini je, imekwisha kuchemka yote? Hilo geji haisemi.

Kwa hiyo themomita hufungwa juu ya bomba nene lirudilo kwenye kompresa, ikafunikwa isipigwe na upepo. Tuseme, msomaji, yasoma 13. Toa 5, yabaki 8: hilo ndilo joto la ziada. Likizidi mno, huenda gesi imepungua, ikamaliza kuchemka mapema. Likikaribia sifuri, mimi naona ni hatari zaidi: majimaji yaweza kuingia katika kompresa, iliyoundwa kukandamiza mvuke tu, yakavunja valvu zake. Na kompresa ni ghali! Lakini chujio chafu nalo hulishusha joto hilo, lisafishwe kwanza.

Kiasi kitakiwacho hubadilika kwa joto la nje na unyevu wa ndani, basi fundi husoma jedwali la watengenezaji. Mashine zenye valvu ya kujirekebisha hazipimwi gesi hivi, maana valvu hulishika joto la ziada pale pale. Hizo hupimwa kwenye bomba la majimaji.