Kabla Askari Hajafungua Kabati Lako

Swali: Mimi ni mkazi wa Ruiri. Je, askari anaweza kunipekulia nyumba bila kibali cha mahakama?

Jibu: Anaweza, ila si kwa kupenda kwake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamkinga kila mtu asipekuliwe ovyo, yeye, nyumba yake wala mali yake. Njia ya kawaida ni kibali cha hakimu, anayeelezwa sababu kwa kiapo. Hata hivyo, kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinamruhusu mkuu wa kituo au mpelelezi kuingia bila kibali iwapo kungoja kutaharibu uchunguzi. Kwanza lazima aandike sababu zake na kukieleza kitu anachotafuta. Tuseme ni pampu ya maji iliyoibwa shambani: akishaiandika, hana kisingizio cha kusoma barua zilizo kabatini. Ukimtaka cheti chake cha kazi, sharti akuonyeshe. Akitwaa kitu, akiandike papo hapo na kukifikisha kwa hakimu bila kukawia.

Swali: Maandishi ya nini, ilhali mwizi ni mwizi?

Jibu: Mahakama za kikoloni zilifuata fikira hiyo. Wakati wa Hali ya Hatari, kanuni zilitaka upekuzi wa barabarani ufanywe na afisa wa cheo cha inspekta msaidizi au zaidi. Kuruma mwana wa Kaniu alipekuliwa na askari wa vyeo vya chini, wakasema wamemkuta na risasi mbili na kisu cha mfukoni. Alikana, akahukumiwa kifo. Kisu chenyewe hakikuletwa kortini. Rufani yake, iliyo katika ripoti za sheria za 1955, ilifika London, na majaji wakashikilia kwamba ushahidi ukiihusu kesi, namna ulivyopatikana si hoja. Hapo ndipo kasoro ilipo. Masharti ya upekuzi hayakuwekwa kumficha mwizi. Yamewekwa ili mahakama isibaki na neno la aliyepekua dhidi ya neno la aliyepekuliwa.

Swali: Basi siku hizi kosa dogo la askari litamwachilia mhalifu?

Jibu: La. Kifungu cha 50(4) cha Katiba hakitupi kila ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki. Unaondolewa pale tu ambapo kuupokea kungeifanya kesi isiwe ya haki, au kungedhuru utoaji wa haki kwa jumla. Wanaosema Katiba inawafunga polisi mikono wanasahau kwamba dharura imekwisha kuruhusiwa. Kinachodaiwa ni sababu iliyoandikwa mapema, kazi ya dakika chache. Kwa sababu hakimu ndiye atakayepima, mwananchi naye asizuie upekuzi kwa nguvu: aulize sababu, atazame cheti, aandike saa na vitu vilivyochukuliwa. Rekodi hizo mbili, ya askari na ya mwananchi, zikilingana, askari mwadilifu hana la kuhofia. Zikipingana, hakimu ana pa kuanzia.